Waliniambia ning'oe rejeta zote, nikalitapisha boila tope jeusi kwa mikono yangu

Wakuu, heshima kwenu, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Leo nimekuja na jambo lililonipata mwenyewe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Chumvi sijaongeza. Wale wa kusema "hii chai" vuteni viti, mtaonja wenyewe mwishoni.

Niseme mapema kabisa: huu si uzi wa kuomba ushauri. Ushauri nilipewa mwingi mno, na karibu wote niliukataa. Ndiyo maana naandika.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke wa Kitanzania, kwetu Lushoto, naishi Minneapolis, Marekani, mtaa wa Phillips. Nafanya kazi kwenye kliniki ya kusafisha damu za wagonjwa wa figo, Coon Rapids, kwa hiyo maisha yangu nusu ni kazini na nusu ni highway.

Niliachika. Baada ya talaka nikapiga shift mpaka nikasahau sura yangu kwenye kioo, nikanunua nyumba. Ya zamani, ya mbao, ya ghorofa, ngazi zinalia ukikanyaga. Lakini kwenye hati kuna jina moja tu, nalo ni langu.

Kaka yangu mkubwa, Daudi, anaishi Blaine, nje kidogo ya jiji, kule kwenye nyumba mpya mpya. Ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii. Namheshimu sana. Ila tangu siku nilipomwonyesha nyumba yangu, wimbo wake ni mmoja: "Naomi, uza hilo gofu uje huku karibu yangu. Nyumba ya zamani inataka mwanaume ndani."

Hayo maneno ya mwisho yawekeni akilini.

Mwaka jana mama akaja kutoka Lushoto kukaa nasi. Tukakubaliana akae kwangu, kwa sababu kwangu kuna watu. Jirani yangu Bi Zuhura ni Mmombasa, anapika chakula cha harusi na misiba, mlango wake na wangu ni kama wa nyumba moja. Mama akiamka anavuka uani, anakaa jikoni kwa Bi Zuhura wanamenya vitunguu na kuongea Kiswahili mpaka mchana. Mlioko ugenini mnajua hiyo ni dawa ya namna gani kwa mzee.

Basi baridi ikaanza, na chumba cha mama kule juu kikagoma kupata joto.

Mlioko Dar niwaeleze kidogo. Huku nyumba isipopashwa joto, winter unakufa. Nyumba mpya zinapuliziwa hewa ya moto kwenye matundu. Za zamani kama yangu zina boila chini ya nyumba, basement, linachemsha maji kwa gesi. Pampu inayasukuma maji kwenye mabomba hadi kila chumba, yanaingia kwenye ile mitambo mizito ya chuma iliyosimama chini ya dirisha. Mimi naiita rejeta, kama ya gari. Maji yanazunguka, yanarudi kwenye boila, yanapashwa tena. Maji yale yale, miaka nenda miaka rudi.

Sasa rejeta ya chumba cha mama ilikuwa ukigusa juu ya moto, ukigusa chini baridi kama kaburi. Na boila lenyewe lilianza kunguruma kama sufuria ya maharage.

Mama hakulalamika. Alivaa sweta mbili, akajifunga kitenge juu yake, akasema, "Baridi naijua, nimezaliwa nayo." Lakini magoti yake yalikuwa yanavimba. Nilikuwa nayaona asubuhi akishuka ngazi kwa kukaa, ngazi moja moja, akidhani simwoni.

Daudi alipokuja kumsalimia akayaona na yeye. Kesho yake akanijia na contractor, mkandarasi wa mitambo ya joto.

Wakuu, yule contractor aliingia nyumbani kwangu akamsalimia Daudi. Akatembea vyumba vyote na Daudi. Mimi nafuata nyuma kama mgeni. Akishika rejeta anatikisa kichwa anamwambia Daudi. Akashuka basement, akalitazama boila, akatikisa kichwa, akamwambia Daudi.

Hukumu yake: mfumo umekufa. Ng'oa rejeta zote, ng'oa mabomba, ng'oa boila, toboa kuta upitishe hewa ya moto. Bei sitaitaja, ila Daudi mwenyewe alimeza mate.

Nikamuuliza, "Maji umeyaangalia?"

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. Akasema hakuna haja.

Nikachukua kile kiufunguo kidogo cha kutolea hewa, nikafungua pembeni ya rejeta ya sebuleni, nikakinga kikombe. Hewa ikapiga mluzi, kisha yakaja maji. Meusi. Siyo ya kahawia, meusi kama wino.

Akafurahi. "Umeona? Huo ndio ushahidi kwamba umekufa."

Nikamwambia huo ni ushahidi kwamba ni mchafu. Kazini kwangu mtu anakuja na damu chafu mara tatu kwa wiki na hatujawahi kumwandikia kwamba amefariki. Tunasafisha, anaenda nyumbani.

Daudi akanivuta pembeni. "Naomi, huyu ni mtaalamu. Unabishana na mtaalamu?"

"Kaka, nabishana na mtu ambaye hajafungua hata koki moja kwenye nyumba yangu."

"Kiburi hicho kitamuua mama kwa baridi."

Hilo liliniuma. Nilimfungulia contractor mlango, nikamshukuru, akaondoka.

Jamani, sikuwa najua nafanya nini. Ila nilijua kitu kimoja: kitu kinachozunguka kikichafuka, unakisafisha. Nikaanza kusoma. Majukwaa ya watu wenye nyumba za zamani, video, kitabu kikubwa nilichoazima maktaba. Break ya kazini nasoma boila. Wenzangu wakadhani najiandaa na mtihani.

Nikaelewa ugonjwa. Chuma na maji vikikaa pamoja miaka mingi, kutu inameguka inakuwa tope laini jeusi. Linatuama chini ya rejeta na ndani ya boila. Maji ya moto hayapiti. Wazungu wanaliita sludge. Nilikuja kulijaribu kwa sumaku ya kwenye friji: nilivyoitumbukiza kwenye ndoo ya lile tope ilitoka na ndevu. Ni chuma kitupu, nyumba ilikuwa inajila yenyewe polepole.

Gesi sikuigusa, nasema hilo kwa herufi kubwa kichwani mwangu. Upande wa moto nilimwita mtu mwenye leseni akaukagua, akasema uko salama. Yeye ndiye aliyeniambia boila lenyewe bado zima. Akaondoka. Maji yakabaki yangu.

Nikaenda duka la vifaa vya mabomba upande wa Saint Paul, nikanunua dawa ya kulegeza tope na dawa nyingine ya kuzuia kutu ya kumalizia. Ile ya kwanza nikaiingiza kwenye mfumo, nikaacha boila na pampu vifanye kazi kama kawaida, maji ya dawa yazunguke wiki nzima. Mama namwambia vumilia kidogo. Anasema, "Wewe fanya, mimi nipo."

Jumamosi asubuhi nikazima boila, nikaliacha lipoe. Nikafunga maji yanayoingia. Nikaunganisha mpira wa kumwagilia bustani kwenye koki ya chini ya boila, mdomo mwingine nikauelekeza kwenye tundu la maji machafu la pale pale basement.

Nikafungua.

Aisee. Kilichotoka si maji. Kilikuwa kizito, cheusi, kinatoka kwa mikoromo. Kina harufu ya sarafu za zamani. Nilisimama pale na viatu vya mvua nikicheka peke yangu. Nikamwita mama aje juu ya ngazi aone. Akachungulia akasema, "Hicho ndicho kilichokuwa kinatembea kwenye kuta zetu?"

Nikajaza maji safi, nikamwaga. Nikajaza, nikamwaga. Yakaanza kuwa kahawia, kisha kama chai ya rangi, kisha yakang'aa. Nikajaza kwa ajili ya kuwasha, nikapanda kutoa hewa kwenye rejeta, nikianza za chini kumalizia za juu. Nikawasha boila. Halikunguruma. Rejeta ya sebuleni ikapata moto mpaka miguuni. Ya jikoni ikapata moto.

Nikapanda chumba cha mama mbio.

Baridi. Juu baridi, chini baridi. Hata lile joto kidogo la mwanzo lilikuwa limepotea.

Nikiwa nimepiga magoti pale nikamsikia mama chini ananiita. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye dari ya chumba cha chakula. Koki ya rejeta yake, ya kizamani, niliyoichokoza wakati wa kutoa hewa, ilikuwa inavuja kwenye shingo na maji yamepenya sakafuni.

Na nani anagonga mlango muda huo? Daudi.

Alinikuta nimelowa, uso mweusi kama mchoma mkaa, beseni mezani linapokea matone, na mama amesimama na koti lake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwa upole, "Mama, chukua vitu vyako. Utakaa kwangu."

Mama akanitazama. Chumba chake hakikuwa na joto na nje theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka. Nikamwambia, "Mama nenda. Nitakuja kukuchukua."

Daudi mlangoni akageuka. "Jumatatu nampigia yule contractor."

"Mpigie aje kwako," nikamjibu. "Kwangu hapiti."

Gari likaondoka. Nikakaa kwenye ngazi za basement nikalia. Siyo kulia kwa huzuni. Kulia kwa hasira, ile inayokausha machozi yenyewe.

Naona mkuu mmoja hapo chini ameshaandika "dada ungekubali tu yaishe." Mkuu, nimekusoma. Hapo ndipo kila mtu alitaka nikubali. Tuendelee.

Kesho yake Bi Zuhura akanijia, anamtafuta mwenzake wa vitunguu. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa lile tope la chumba cha mama limekwenda wapi?"

Nikaitazama dari iliyolowa. Kisha nikaelewa. Dawa ilikuwa imelilegeza tope la nyumba nzima, na sehemu yake ilipanda ikaenda kujikusanya kwenye rejeta ambayo tayari ilikuwa imeziba nusu. Sasa imeziba kabisa. Kumwaga kupitia basement hakutaitoa. Lazima ifunguliwe yenyewe.

Nikamwambia Bi Zuhura, inatakiwa kufungua makutano ya bomba na rejeta, na hayajafunguliwa labda tangu nyumba ijengwe.

Akavua bangili zake, akaziweka dirishani. "Haya shoga, spana i wapi?"

Tukashusha maji ya mfumo tena. Tukapulizia dawa ya kulegeza kutu, tukanywa chai, tukapulizia tena. Spana ya bomba tuliichomekea bomba refu kwenye mkono ili iwe na nguvu, tukaining'inia wote wawili. Ikagoma. Tukahesabu, tukavuta. Ikagoma. Bi Zuhura akasema neno la Kimombasa ambalo siwezi kuliandika humu mods watanifungia. Mara chuma kikalia kama bunduki, na sisi wote chini, sakafuni, miguu juu.

Tulicheka mpaka tukashindwa kuinuka.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Upande mmoja wa rejeta tukaunganisha mpira wa maji safi, upande wa pili mpira mwingine mpaka kwenye bafu lililo chumba cha pili. Bi Zuhura akakaa bafuni kuushika ule mdomo. Nikafungua maji, nikawa nagonga rejeta taratibu kwa nyundo ya mpira, sehemu baada ya sehemu.

Kimya. Halafu nikasikia Bi Zuhura anapiga yowe.

"Lataka kuja! Laja! Wallahi laja!"

Likaja. Mabonge. Tope zito kama lami, na vipande vya kutu vikubwa kama kucha. Bafu langu jeupe likawa kama shimo la mkaa. Tukageuza mipira, tukasukuma maji kutokea upande wa pili. Likaja jingine. Tuliendelea hadi maji yakawa ya kunywa, ingawa hakuna aliyethubutu.

Ile koki inayovuja nikaibadilishia uzi wa kuzibia maji shingoni. Tukafunga makutano. Tukajaza mfumo maji safi pamoja na dawa ya kuzuia kutu, tukatoa hewa chumba kwa chumba, nikawasha.

Tukakaa kitandani kwa mama, mimi na Bi Zuhura, tunaitazama rejeta kama watu wanaosubiri matokeo. Ikaanza kutoa vile vijisauti vya chuma kinachotanuka. Nikaweka kiganja chini kabisa, karibu na mguu wake.

Moto.

Siku zilizofuata sikumwambia Daudi kitu. Nilitaka kuhakikisha. Nikawa natoka kazini naenda moja kwa moja kushika rejeta. Kila koki nikaikagua kwa tissue kama ina unyevu. Kavu. Presha imesimama pale pale. Ndipo nikawasha gari, nikaenda Blaine.

Nyumba ya Daudi nzuri, sitaki kuisema vibaya. Joto lipo, zulia linameza mguu. Mama nilimkuta peke yake dirishani. Wakubwa kazini, watoto shule. Watoto wakirudi mama anawasalimia kwa Kiswahili, wanajibu "I'm good, Bibi," wanapanda juu.

Nikamuuliza anaendeleaje.

"Joto ninalo," akasema. "Ila huku watu wanaingia na magari mpaka ndani ya nyumba. Mlango unajifunga. Tangu nije sijaona mtu anayetembea kwa miguu nikamsalimia."

Daudi akaingia akitokea kazini. Akaliona begi la mama mkononi mwangu.

"Naomi, hapana. Mpaka winter iishe. Siwezi kumruhusu mama arudi kwenye lile jokofu."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Njia nzima ya highway nilikuwa napanga maneno. Sikupata nafasi ya kuyatumia, kwa sababu mama alisimama. Alisimama mara moja, bila kushika kiti.

"Daudi."

"Naam mama."

"Nani amekwambia mimi ninaomba ruhusa?"

Jamaa wa kimo kile, msimamizi wa watu kazini kwake, akaangalia soksi zake.

"Umenitunza vizuri," mama akaendelea. "Nitakuja tena kukutembelea. Lakini nilipochagua kukaa nilichagua mwenyewe. Nipe koti langu."

Akampa koti. Akamvalisha pia, na kumfunga vifungo.

Jumapili iliyofuata Daudi akaja Phillips. Hakukaa sebuleni, alipanda moja kwa moja chumba cha mama. Mama alikuwa kitandani na gauni jepesi, sweta zote kabatini. Daudi akainama akashika rejeta juu. Akashika katikati. Akashika chini, akaacha mkono pale mpaka akauondoa kwa kuungua.

"Nani amekufanyia?"

"Mimi."

"Hapana, namaanisha fundi gani."

"Kaka, mimi."

Mama akadakia kutoka kitandani, "Na Zuhura. Usimsahau Zuhura."

Daudi akashuka basement peke yake. Alikaa huko muda. Aliporudi mikono ilikuwa na vumbi, maana yake aligusa kila kitu. Akasema, "Ungeniita nikusaidie."

"Ungekuja na contractor."

Akakaa kwenye ngazi, akajifuta mikono kwenye suruali yake nzuri ya kanisani. "Basi ukisafisha tena, niite. Nitakuja mwenyewe, nikiwa na nguo za kazi."

Wakuu, sijamjibu mpaka leo. Bado nafikiria kama anastahili.

Sasa nilichojifunza. Mtu akikwambia kitu chako kimekufa, mwulize amekifungua saa ngapi. Hilo la kwanza. Na ukikosea katikati, kama nilivyokosea mimi na ile koki na lile tope la juu, usikubali watu wachukue lile kosa waseme ndilo jibu. Kosa ni sehemu ya kazi, nilikuwa sijamaliza tu. Na kwa kina dada walionunua nyumba zao: basement ni yenu pia. Shukeni. Mkaone kilichomo.

Ila mambo ya gesi waachieni wenye leseni, msije mkasema nilikuwa mjeuri mpaka huko.

Mwenye swali la dawa, la mipira, la spana, aulize hapa hapa, nitajibu nikitoka shift. Mliopitia kama haya Minnesota, Toronto, Oslo au kokote kwenye barafu, leteni yenu tusome. Na wewe uliyekuwa unasubiri mwisho uandike "nyumba ya zamani inataka mwanaume ndani," andika tu ndugu yangu. Usijifiche. Mama amejifunza kusoma humu kwenye simu yangu, na amesema atakujibu mwenyewe.